Katika msafara wa majoka, kenge na mikunga wamo

WAHENGA walisema kwamba katika msafara wa mamba, kenge hawakosi. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasuta watu wanaojipenyeza mahali wasipostahili. Leo nataka kuigeuza kidogo niwatetee kenge. Katika ngano tunazozitafsiri, kuzifundisha na kuwasimulia watoto kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Polinesia, tumewachukua nyoka wa mitoni, mijusi, kenge, papa na mikunga, tukawatia wote katika msafara mmoja na kuwabandika jina moja: majoka.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jina hilo, jinsi tunavyolitumia leo, humgeuza mlinzi kuwa adui. Na mlinzi akishageuka adui, elimu aliyoibeba kuhusu maji, ardhi na nasaba hupotea kabla msomaji wa Kiswahili hajaionja. Huo ni upotevu mkubwa, nami nitaonyesha ni kwa nini.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri zoezi jepesi: wafupishe kwa Kiswahili hadithi ya filamu Raya and the Last Dragon, ambayo kampuni ya Disney iliitoa Machi 2021. Karibu wote waliipa anwani "Raya na Joka la Mwisho". Kamusini hakuna wa kuwalaumu. Lakini hebu isome anwani hiyo kwa sauti, kwa sikio la Mkenya wa kawaida aliyelelewa kanisani. Joka la mwisho! Mara moja akili inakimbilia siku za mwisho, lile joka jekundu la Kitabu cha Ufunuo, na vita vya mbinguni. Ilhali filamu yenyewe inamhusu Sisu, kiumbe wa majini mpole na mcheshi, ambaye jamii yake ilileta mvua na amani, na ambaye somo lake kuu ni kwamba watu waaminiane. Anwani imemhukumu kabla hajafungua kinywa.

Tatizo linaanzia kwenye sarufi. Kila mtoto aliyepita darasa la Kiswahili humu nchini anajua kwamba joka ni nyoka katika hali ya ukubwa. Mzizi ni -oka. Ondoa ny-, tia j-, basi umemfanya nyoka kuwa mkubwa. Jamaa zetu wa Kibantu wana mzizi uo huo: Wakamba husema nzoka, Wazulu husema inyoka. Ni neno la kale sana na lina nguvu. Lakini hali ya ukubwa katika Kiswahili haipimi kimo peke yake. Hubeba pia hofu, dharau na wakati mwingine chuki. Ukimwita mtu jitu, hujamsifia urefu.

Upatanisho nao unakoleza mambo. Kwa kawaida viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA hata umbo la nomino likiwa la ngeli nyingine. Tunasema kipofu amekuja, kiboko ameingia. Nomino ikitiwa katika ukubwa, huhamia LI-YA: jitu limekuja, joka limeingia. Kwa hiyo wanafunzi wangu waliandika kwamba joka "lilisema", joka "lilicheka", joka "liliwasamehe" wanadamu. Jamani, nani anayemsikiliza kiumbe wa LI-YA akisamehe? Sarufi imemvua utu huku hadithi ikijaribu kumpa.

Ongeza hapo historia ya neno. Katika tafsiri za Biblia, joka ni Shetani mwenyewe. Katika ngano zetu za pwani, mnyama wa kutisha anayemeza watu huwepo ili shujaa amuue. Nunda, katika hadithi ya Sultani Majinuni ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870, ni mfano maarufu: anakula, anakula tena, mpaka apatikane kijana wa kumkomesha. Msomaji wa Kiswahili, basi, anapokutana na joka katika ukurasa wa kwanza, huanza kumtafuta mwenye mkuki. Anasoma ngano akisubiri mauaji.

Sasa twende Kambodia tuone kama mkuki huo una kazi. Wakhmeri wana hadithi ya asili ya nchi yao. Mwanamfalme mgeni, Preah Thong, anampenda Neang Neak, binti wa mfalme wa nyoka wanaoishi chini ya maji. Neak ni matamshi ya Kikhmeri ya neno la Kisanskriti naga. Baba mkwe, badala ya kudai mahari ya kumfilisi kijana, anayanywa maji yaliyoifunika nchi ili wanandoa wapate ardhi ya kuishi. Kijana naye anaingia ukweni chini ya maji akiwa ameshika ncha ya mtandio wa bibi harusi asipotee njia. Mpaka leo, katika harusi za Kikhmeri, bwana harusi hushika mtandio wa bibi harusi kukumbuka tendo hilo.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Naga hapa ni baba mkwe. Ndiye aliyetoa ardhi. Taifa zima linajitambua kuwa uzao wa mama aliyetoka majini. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba Wakhmeri "walizaliwa na joka", umewatusi bila kukusudia. Na ukienda kwenye mahekalu ya Angkor, ambako madaraja yamejengewa kuta za pembeni zenye umbo la naga mwenye vichwa vingi, msomaji wako atadhani ni sanamu za mashetani. Kumbe naga huyo anasimama baina ya ulimwengu wa watu na ulimwengu wa miungu, na mtu anayeingia hekaluni anapita kando yake kama anayesindikizwa.

Katika dini ya Kibudha, heshima hii inazidi. Sanamu nyingi za Kambodia, Laos na Tailandi humwonyesha Buddha ameketi juu ya mwili wa nyoka uliojikunja, na vichwa vya nyoka vimetanda juu yake kama mwavuli. Huyo ni naga Mucalinda, aliyemkinga na mvua na tufani wakati wa tafakuri yake. Kuna pia simulizi inayopendeza na kuhuzunisha. Naga mmoja alitamani sana kuwa mtawa, akajigeuza mtu na kupokewa. Usingizini umbo lake la kweli likafichuka, akaambiwa aondoke, kwa kuwa utawa ni wa wanadamu. Ndiyo maana, husema Wathai, kijana anayejiandaa kuwa mtawa huitwa nak, yaani naga, mpaka apokewe rasmi. Na katika ibada ya kupokewa huulizwa swali ambalo kwa mgeni ni la ajabu: je, wewe ni binadamu?

Tutafsiri vipi hapo? Tuseme "kijana anayejiandaa kuwa mtawa huitwa joka"? Msomaji ataiweka kando gazeti, na atakuwa na haki.

Wamalei na Waindonesia wametatua jambo hili zamani. Lugha yao ina neno ular kwa nyoka wa kawaida, na naga kwa huyu mwenye hadhi. Neno hilo walilichukua kutoka Kisanskriti kama lilivyo, wala hawakulitafutia kisawe cha kienyeji. Nyoka wa shambani ana jina lake na mwenye hadhi ana lake. Kiswahili, kwa kulitoa joka katika nyoka, kinawaunganisha wawili hawa kila mara tunapofungua kinywa.

Turudi kwenye filamu, maana nisingependa kuihukumu kwa makosa ya wanafunzi wangu. Waandishi wake, Qui Nguyen na Adele Lim, walifanya jambo la busara kwa kumtoa Sisu katika naga wa majini badala ya yule wa Ulaya anayetema moto na kulalia dhahabu. Anapouawa, huo ni msiba, si ushindi wa shujaa. Maji yanarudi anaporudi. Hata hivyo, nina lawama moja. Nchi ya Kumandra ni ya kubuni, imechanganywa vipande vya Vietnam, Tailandi, Indonesia, Ufilipino na kwingineko, na kwa hiyo Sisu si wa mto wowote unaojulikana. Naga wa kweli wa masimulizi huwa ana anwani. Watu wa Nong Khai nchini Tailandi, kila mwaka karibu na Oktoba, watawa wanapomaliza kipindi chao cha kukaa watawani msimu wa mvua, hukusanyika ukingoni mwa mto Mekong kutazama miale myekundu inayopanda kutoka majini. Husema ni pumzi ya naga. Wataalamu wanabishana kuhusu chanzo chake. Lakini wenyeji hawasemi ni naga wa popote. Ni naga wa Mekong, pale pale. Filamu ilimpa Sisu utu, ikamnyima kwao.

Nchini Vietnam mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko kiumbe huyu, rồng, ana undugu mkubwa na yule wa Uchina. Wavietnamu husimulia kwamba Lạc Long Quân, bwana wa majini mwenye asili ya rồng, alimwoa Âu Cơ, mwanamke wa milimani wa jamii ya malaika. Wakapata mayai 100, yakazaa watoto 100. Baadaye wakaachana kwa wema: watoto 50 wakamfuata baba baharini, 50 wakamfuata mama milimani. Mji wa Hanoi, mfalme alipouhamishia makao mwaka 1010, uliitwa Thăng Long, maana yake rồng anayepaa. Ghuba ya Hạ Long nayo ni mahali aliposhukia. Wavietnamu hujivunia kuwa wana wake. Sasa andika kwa Kiswahili "wana wa joka" uone. Yohana Mbatizaji alipotaka kuwakemea Mafarisayo vikali, aliwaita kizazi cha nyoka. Fahari ya taifa moja imegeuka laana katika sikio la taifa jingine, na daraja lililotakiwa kuwavusha ndilo lililowaangusha.

Kuhusu kenge niliowataja mwanzoni, makao yao ni kisiwa cha Komodo nchini Indonesia. Huko yuko mjusi mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kufikia urefu wa mita 3. Mwanasayansi Peter Ouwens alimweleza kitaaluma mwaka 1912, na baadaye Wazungu wakampa jina la kutisha ambalo magazeti yetu hulitafsiri "joka la Komodo". Wenyeji humwita ora. Husimulia kwamba Putri Naga, mwanamke wa zamani kisiwani, alijifungua pacha, mmoja mtoto wa kiume na mwingine mjusi, kwa hiyo ora ni ndugu wa watu. Kwa Kiswahili, mnyama huyu ana jina tayari. Ni kenge, wa jamii moja na kenge wetu wa mitoni. Kwa nini tumwazime jina la Shetani ilhali jina la familia yake tunalo?

Nikivuka sasa kuingia Bahari ya Pasifiki, tatizo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu ya ukweli mmoja wa jiografia: Hawaii na Nyuzilandi hazikuwa na nyoka wa nchi kavu. Wahenga wa huko hawakumwona nyoka akitambaa nyasini. Mtambaazi waliyemjua ni mjusi, na majini walimjua mkunga. Kumwita kiumbe wao joka, yaani nyoka mkubwa, ni kuwapa watu hofu ya kitu ambacho hawakuwa nacho.

Hawaii, walinzi wa mabwawa, chemchemi na mito huitwa mo'o. Neno hilo limetoka katika neno la kale la Kipolinesia, moko, lenye maana ya mjusi, ambalo Wamaori wanalo mpaka leo. Kihawaii kiliidondosha k na kuacha kituo kidogo cha koo badala yake. Lakini si hilo tu. Katika Kihawaii, mo'o lina pia maana ya mfululizo. Mjukuu ni mo'opuna. Hadithi ni mo'olelo, kama kusema mfululizo wa maneno. Nasaba ni mo'okū'auhau. Mjusi, mwenye pingili za uti zinazofuatana kutoka kichwani hadi mkiani, amekuwa picha ya ukoo unaofuatana kizazi kwa kizazi. Marie Alohalani Brown, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alichapisha mwaka 2022 kitabu kizima, Ka Po'e Mo'o Akua, kuhusu viumbe hawa, na kuorodhesha zaidi ya 200 wenye majina na makao yao. Zaidi ya 200! Kila mmoja na bwawa lake, kila mmoja na tabia yake. Sisi tungewaita wote majoka tukafunga faili.

Mmoja kati yao ni Kihawahine wa kisiwa cha Maui. Husimuliwa kwamba alikuwa binti wa mtawala Pi'ilani, na alipofariki aligeuzwa mo'o, akawa mlinzi wa ziwa la Mokuhinia katika mji wa Lahaina. Katikati ya ziwa hilo palikuwa na kisiwa kidogo, Moku'ula, alikoishi mfalme Kamehameha III katika karne ya 19. Kisha yakaja mashamba makubwa ya miwa. Maji ya mitoni yakaelekezwa mashambani, ziwa likadumaa, likawa makazi ya mbu. Mwaka 1914 likafukiwa, na juu yake pakawa uwanja wa michezo. Agosti 2023 ulimwengu mzima ulitazama mji huo huo wa Lahaina ukiteketea kwa moto uliowaua watu takriban 100, katika eneo lililokuwa limekauka na kujaa nyasi za kigeni.

Sisemi kwamba Kihawahine alikasirika. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mganga. Ninachosema ni kwamba hadithi yake ilihifadhi habari ambayo ramani za karne ya 20 ziliifuta: hapa palikuwa na maji, na maji haya yana mwenyewe. Mtu anayeambiwa kwamba bwawani mna joka atashukuru bwawa likifukiwa. Anayeambiwa kwamba mna bibi wa ukoo wa watawala aliyekabidhiwa maji atauliza kwanza nani ametoa ruhusa. Tofauti ya maswali hayo mawili imo katika neno moja la mtafsiri.

Ushahidi mwingine uko Nyuzilandi. Wamaori huwaita walinzi wao wa majini taniwha, na wh hiyo wengi wao huitamka f. Kwa Wasamoa, tanifa ni aina ya papa mkubwa. Basi hapa tena nyoka hayumo. Mwaka 2002 ujenzi wa barabara kuu karibu na Meremere ulisitishwa kwa muda baada ya watu wa Ngāti Naho kusema kwamba kinamasi kilichotakiwa kujengwa ni makao ya taniwha wao, Karutahi, ambaye jina lake lina maana ya jicho moja. Wapo waliocheka katika magazeti. Ati karne hii bado watu wanaogopa madudu? Mwishowe wahandisi walirekebisha mpango na sehemu ya kinamasi ikaachwa.

Kicheko kilipungua miaka michache baadaye. Mei 18, 2005 mvua kubwa ilishusha mawe, magogo na tope juu ya mji mdogo wa Matatā. Nyumba nyingi ziliharibiwa, ingawa kwa bahati hakuna aliyekufa. Viwanja vya mikutano vya koo za Wamaori wa hapo havikuguswa. Kwa nini? Kijito cha Waitepuru kilisimuliwa tangu kale kuwa ni taniwha mwenye umbo la mjusi anayepiga mkia huku na huku. Mkia unaohamahama ni njia ya maji inayohamahama wakati wa mafuriko. Wahenga waliiona tabia hiyo ya kijito, wakaitia katika mwili wa mjusi ili watoto wasiisahau, kisha wakajenga mbali na mkia. Hiyo ni elimu ya mafuriko, imeandikwa kwa wino wa ngano. Ukiitafsiri kuwa "joka liliangamiza mji", umebakisha kishindo na kuitupa elimu.

Na mkunga? Visiwani Samoa na kwingineko, husimuliwa habari za msichana, Sina au Hina, aliyependwa na mkunga aitwaye Tuna. Mkunga akafa, kichwa chake kikazikwa, na pale pakaota mnazi wa kwanza. Ndiyo sababu nazi ina macho mawili na mdomo. Watu wetu wa pwani, ambao wamekuna nazi tangu utotoni na kuyaona matundu hayo matatu, hawahitaji maelezo zaidi. Filamu ya Moana ya mwaka 2016 ilikigusa kisa hiki kwa mstari mmoja tu wa utani ndani ya wimbo wa Maui, kama jambo la kujigamba. Mapenzi na msiba wake havikupata nafasi. Kwa Kiswahili neno mkunga lipo, zuri na sahihi. Asitokee mtu akamfanya mpenzi huyu wa Sina kuwa joka.

Huenda msomaji anajiuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa mwambao wa Bahari ya Hindi? Yanatuhusu kwa njia ya Bukini, jina la kale la Kiswahili la Madagaska. Kimalagasi ni lugha ya familia moja na Kimalei, Kihawaii na Kimaori, na jamaa yake wa karibu zaidi ni Kimaanyan kinachosemwa kando ya mto Barito kisiwani Borneo. Katika eneo hilo la Borneo, Wangaju humtambua Jata, nyoka wa majini, kuwa nguzo ya ulimwengu wa chini. Nao Wabetsileo wa nyanda za juu za Madagaska husimulia kwamba maiti ya mtawala hutokwa na kiumbe aitwaye fanany, ambaye hukua akawa nyoka na kubaki karibu na watu wake kama mzee wa ukoo. Mtawala wa Betsileo anakuwa nyoka, binti wa mtawala wa Maui anakuwa mo'o. Kati yao pana bahari mbili. Sithubutu kusema kwamba chimbuko ni moja, kwa maana watu mbalimbali wanaweza kufikia wazo lile lile. Lakini swali haliwezi hata kuulizwa ikiwa katika maandishi yetu mmoja ni joka, na mwingine ni joka, na yule wa Ufunuo ni joka pia.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba namfanya kila kiumbe wa majini kuwa mtakatifu. La. Wavisaya wa Ufilipino wana Bakunawa, nyoka wa baharini aliyeimeza miezi mmoja baada ya mwingine, na watu wakapiga sufuria na magoma ili auteme uliobaki. Wapo mo'o walioua wapita njia, na taniwha waliokula watu. Hata hivyo, uovu wao ni wa mtu binafsi, kama ulivyo wa binadamu. Jina la jamii haliwahukumu.

Wa pili atasema kwamba msomaji hataelewa naga ni nini. Huyo namkumbusha habari za jini. Kiswahili kilimpokea jini kutoka Kiarabu kwa jina lake, ingawa tulikuwa na pepo na mizimu yetu tele, na leo hakuna mtoto asiyemjua. Lugha hukua kwa kukaribisha wageni kwa majina yao. Tena naga limekaa Kibantu kabisa, silabi mbili wazi, kana kwamba lilizaliwa Lamu.

Kwa hiyo, kwa watafsiri, walimu na wahariri, mapendekezo yangu ni haya. Tuseme naga, katika ngeli ya A-WA: naga huyu amelala, naga hawa wamelala. Tuseme moo, na tuseme tanifa, kwa matamshi yao. Ora wa Komodo awe kenge wa Komodo. Tuna abaki mkunga. Rồng wa Vietnam anaweza kuitwa joka kwa kukosa jina jingine lililozoeleka, lakini apewe upatanisho wa A-WA, na mara ya kwanza anapotajwa mtafsiri aeleze kwamba ni babu wa taifa.

Pale maelezo yanapohitajika, tuna hazina ya pwani. Mzimu kwa Waswahili ni roho ya mahali na pia mahali penyewe, pangoni au penye mbuyu, ambapo mtu hapiti ovyo na hakati kuni bila adabu. Sijaona neno linalomkaribia taniwha kuliko hilo. Na yule moo mkali anayevuta waogeleaji chini hatakuwa mgeni kwa wavuvi wetu, wanamjua chunusi. Maneno haya tumeyaacha yazeeke kwa kuyaonea haya, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutafsiria imani za wengine.

Joka lenyewe tusilifukuze. Libaki pale lilipo, kwa lile la Ufunuo na lile la Mtakatifu Joji, yale ambayo hadithi zake zinataka kweli yauawe. Na zoezi la muhula huu darasani kwangu nimekwisha kuliandaa: ile filamu ya Raya tena, kwa sharti kwamba neno joka lisitumike hata mara moja.